Miaka Thelathini na Mitano Mlangoni pa m Ndogo

Mwanangu anastaafu. Tarehe thelathini mwezi huu, akishatia saini ya kutoka saa kumi jioni, hatatia saini ya kuingia tena. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitano katika masjala ya karakana ya miguu ya bandia, na hajawahi kupewa barua ya onyo hata moja. Nimeanza na hilo kwa sababu limenijaa kifuani. Sasa ndiyo nawasalimu: hamjambo nyote, mafundi, wauguzi, madereva, walinzi wa getini, na ninyi mnaokuja kupimwa. Wanaostahili shikamoo yangu hawajabaki wengi, lakini kama yupo, naomba aipokee.

Mhariri wa jarida la wafanyakazi ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu. Najua kwamba wasifu wa mstaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Na mimi ni mfanyakazi mwenzake. Nilifagia karakana hii miaka ishirini na miwili, na katika hiyo, kumi na sita nilikuwa nafagia chini ya meza yake. Hakuna aliyemfahamu muda mrefu kunizidi, kwa kuwa nilikuwa naye miezi tisa kabla watu wengine hawajajua kama yupo. Mhariri alinipa masharti mawili: nisijitie sana mimi mwenyewe, na nisijaze maneno ya watu, huyu kasema hivi, yule kajibu vile. La kwanza najitahidi. La pili mtanisamehe huko mbele.

Mstaafu wetu aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, kuwa karani wa taipu. Waliofanyiwa usaili siku hiyo walikuwa wanane, na wengine walikuja na vyeti vya kujaza bahasha mbili. Fundi mkuu wa wakati ule alimpa kila mmoja jina la mgonjwa alipige kwenye kadi. Saba walilipiga mbio mbio. Mwanangu aliondoa mikono kwenye mashine, akauliza, "Samahani mzee, mgonjwa ni mtu mzima au mtoto?" Fundi mkuu akafunga daftari lake, usaili ukaishia hapo.

Alijuaje kuuliza hivyo? Alijulia nyumbani, na hapa ndipo inabidi nijitie kidogo, mhariri anivumilie.

Miaka minne kabla ya usaili huo, faili zote za karakana zilikaa kwenye makabati ya chuma, kila droo na herufi yake. Wagonjwa wenye majina ya M walikaa pamoja, mzee wa miaka sabini na mtoto wa miaka mitatu, wamebanana droo moja. Karani akiwa hayupo, nilikuwa natumwa mimi. Shule nimeisoma mpaka darasa la tatu, herufi nazijua zote, lakini kusoma kwangu ni kwa kutembea, sikimbii. Siku moja nikampelekea fundi faili la mtu mzima mahali pa faili la mtoto. Majina yalikuwa yanafanana. Fundi alikuwa ameshakata bomba la mguu mrefu kama wa askari, na mtoto mwenyewe amekaa kwenye benchi anatutazama. Hakuna aliyenigombeza sana. Aliyeniumiza ni yule mtoto, maana ilibidi arudi nyumbani akingoja wiki mbili zaidi, na alikuwa ameshavua kiatu cha zamani akakiacha chini ya benchi kwa furaha.

Kulikuwa na rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupakwa milango. Niliomba brashi. Kabati la kushoto nikaandika herufi kubwa, kabati la kulia nikaandika herufi ndogo. Kubwa kwa wakubwa, ndogo kwa wadogo. Chini ya kila herufi ndogo nikachora kiatu kidogo, ili hata asiyejua kusoma kabisa ajue. Mafundi walicheka siku mbili. Siku ya tatu fundi mkuu akaagiza faili zote zipangwe hivyo, na namba zianze upya kila upande. Ndiyo maana hapa kwetu kuna M/0001 na kuna m/0001, na ni watu wawili wasiojuana.

Basi huo ndio utaratibu alioukuta mwanangu, naye akaulea kuliko mimi niliyeuzaa.

Miaka ishirini na saba iliyopita ikaletwa kompyuta. Makarani wengine wawili waliomba kuhamishwa. Yeye alimfuata yule mtaalamu aliyekuja kuifunga, akamuuliza swali moja tu: mashine hii inajua tofauti ya herufi kubwa na herufi ndogo? Mtaalamu akamwambia hii inajua sana, kwake M na m hazina hata undugu. Mwanangu alirudi nyumbani jioni hiyo akala huku anatabasamu na sahani. Kesho yake akaanza kuhamisha makabati yangu mawili, akayaingiza kwenye kompyuta jinsi yalivyo, herufi kwa herufi, faili kwa faili. Kazi hiyo ilimchukua mwaka na miezi minne.

Kwa wasiomwona akifanya kazi, nieleze. Kompyuta yake haina picha za kubofya. Ina dirisha jeusi na maandishi meupe. Faili zimekaa kwenye vyumba, wenyewe wanaviita saraka, na ukitaka kuingia chumba unaandika amri. Anaandika cd, anaacha nafasi, anaandika jina la chumba. Akiandika cd m anaingia kwa watoto. Akiandika cd M, huku kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimebana kile kitufe cha Shift, anaingia kwa wakubwa. Ukikosea ukubwa wa herufi, mashine haikuonei haya. Inakwambia chumba hicho hakipo, au inakuingiza kwa watu wengine kabisa, na wewe unaendelea kupekua nyumba isiyo yako.

Hapo ndipo alipopata jina la Dada Shifti. Kila mfanyakazi mpya alikuwa analalamika kwamba mashine imeharibika. Yeye anakuja, haongei, anainama, kidole kidogo kinabana, chumba kinafunguka, anaondoka. Daktari mmoja mkubwa aligombana na kibodi saa nzima. Taa ya herufi kubwa ilikuwa inawaka bila yeye kuiona, kila anachoandika kinatoka kikubwa, na kila chumba anachotaka kinamkana. Alikuwa ameanza kuivulia koti. Dada Shifti akapita na kikombe cha chai mkono wa kulia, akabonyeza kitufe kimoja kwa wa kushoto, wala hakusimama. Daktari huyo mpaka leo akimwona anampisha mlangoni.

Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Mkwe wangu alishawahi kunishtakia: "Mama, mwanao ameniandika kwenye simu yake kwa herufi ndogo." Nikamwambia, baba, ukiacha kurusha soksi utapandishwa.

Lakini katika yote aliyoyafanya, ninalolistaajabia zaidi ni hili alilolianzisha mwenyewe. Mtoto wa karakana hii akitimiza miaka kumi na minane anahama, anatoka herufi ndogo anaingia herufi kubwa. Makarani wengine wangehamisha kimya kimya. Yeye humwita. Anamkalisha kwenye kiti chake, mbele ya dirisha jeusi, anaandika amri yote mwenyewe, akifika penye ile herufi anamwambia, "Bana hapo." Kijana anabana Shift kwa kidole chake, herufi kubwa inatokea, amehamia kwa watu wazima. Nimeona wanaume wenye mabega wakilia kwenye kiti kile. Mmoja alivaa suti. Kuna mama mmoja alileta ukoo mzima, mpaka watu wakasimama koridoni.

Sasa nifike kwenye jambo la mwezi uliopita, maana limesemwa nusu nusu kwenye korido na ninataka lisemwe zima.

Karakana ililetewa kompyuta mpya, pamoja na mtaalamu wa kuzihamisha faili. Jina lake silitaji, hapa walimwita Bwana Tai kwa sababu ya tai yake nyekundu. Ni mtu mwenye adabu, wala simwandiki kwa ubaya. Jumatatu alinakili faili zote kutoka mashine ya zamani. Alianza na watoto kwa kuwa ni wachache, akafuatisha wakubwa. Kioo kikaandika kwamba kazi imekamilika, akawaonyesha wote. Mashine ya zamani ilikuwa imepangiwa kuondolewa Jumatano saa sita mchana, diski zake zikasagwe ili siri za wagonjwa zisizagae. Na akiba ya faili ilikuwa ndani ya mashine hiyo hiyo.

Jumanne akaja binti wa m/0417 kupimwa mguu mpya. Huyu binti tunamjua wote. Aliletwa hapa amebebwa mgongoni, ana miaka mitatu, na ameshavaa miguu kumi na mitatu, kila mmoja mrefu kuliko wa jana yake. Ni mwembamba, hata upepo ukivuma huwa anashika mlango. Fundi Plasta, yule anayechukua vipimo, akafungua kompyuta mpya, akatazama, akamtazama binti, akatazama tena. Ndipo akaita kwa sauti ya kufika masjala:

"Dada Shifti, njoo uone. Mtoto wetu huku ana kilo themanini na nne. Ana masharubu. Na ni mwashi."

Binti mwenyewe alicheka mpaka akashika meza. "Nimeanza kujenga lini jamani?"

Picha ilikuwa ya mwashi kweli, yule wa M/0417 aliyeangukiwa na ukuta zamani, asiye na mguu wa kushoto. Binti wa watu hana mguu wa kulia. Mwanangu hakucheka. Aliketi, akafungua dirisha jeusi kwenye mashine mpya, akaandika cd m. Akaingia. Akahesabisha faili. Akatoka, akaandika cd M. Akaingia, akahesabisha. Idadi ile ile. Majina yale yale. Akajaribu herufi nyingine, na nyingine. Mashine mpya haikujua kubwa wala ndogo. Kwake milango ilikuwa miwili lakini chumba kimoja. Watoto waliingia kwanza wakakaa, kisha wakubwa wakaingizwa humo humo na namba zile zile. Mashine ilikuwa imeuliza kama waliokuwemo waondolewe, na Bwana Tai, kwa haraka ya kazi nyingi, alikuwa amebonyeza "ndiyo kwa zote."

Watoto elfu nne, mia moja na sita. Kwenye mashine mpya hakubaki hata mmoja.

Fundi Plasta aliniambia baadaye kwamba binti aliuliza taratibu, "Kwa hiyo mimi simo tena humu?"

Msione ni karatasi tu. Mtoto anakua, na fundi anatengeneza mguu wa mwaka huu kwa kutazama miguu yote ya nyuma, mfupa umekua upande gani, ngozi ilichubuka wapi. Akikisia akakosea hata kwa upana wa kucha, mtoto anatembea na kidonda. Elfu nne wangeanza upya, kama hawajawahi kufika hapa.

Mwanangu alikwenda ofisini kwa mkurugenzi. Bwana Tai alikuwepo, akaeleza kwa heshima kwamba pengine yalikuwa ni majina yaliyorudiwa kwa makosa ya miaka mingi, na kwamba mashine ya kisasa imeyasafisha. Wakamuuliza Dada Shifti utaratibu huo wa kubwa na ndogo umeandikwa wapi. Akasema haujaandikwa. Umeidhinishwa na nani? Fundi mkuu aliyeidhinisha alishafariki. Mkurugenzi alikuwa na gari la kuichukua mashine limeshaitwa, wafadhili wanangoja taarifa, na mbele yake kuna karani aliyebakiza wiki chache na anayetetea mashine kuukuu. Nani angemlaumu? Akamwambia akabidhi ufunguo wa chumba cha mashine ya zamani.

Na mwanangu, ambaye kwa miaka thelathini na mitano hajawahi kumwambia mkubwa hapana, ambaye hata mimi nikimtuma chumvi wakati anaumwa anainuka, akasema, "Mama Mkurugenzi, ufunguo sitautoa."

Asubuhi ya Jumatano barua ya onyo ilikuwa imeshachapwa, imekaa mezani, inangoja saini. Angestaafu na hiyo. Angekabidhiwa cheti mkono mmoja na onyo mkono wa pili. Mkurugenzi, ambaye ni mtu wa haki, kabla ya kutia saini alimuuliza mara ya mwisho, "Huo utaratibu ulitoka wapi hasa?"

Akajibu, "Kwa mama yangu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani anafua."

Dereva wa kituo akanikuta na povu mpaka kwenye viwiko. Nilifikiri mwanangu ameanguka. Nilipanda gari na kanga imelowa upande, miaka sabini na tisa, viatu viwili visivyofanana. Njiani dereva ananiambia, "Mama, unaitwa kutoa ushahidi." Nikamwambia sijamwibia mtu, endesha.

Ofisini Bwana Tai alisimama, akaniamkia vizuri. Nikaitikia. Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu mzima, kwamba M ni M tu, iwe kubwa iwe ndogo, na kompyuta za siku hizi hazihangaiki na hayo.

Nikamuuliza, "Baba, una mtoto?"

"Ninaye, Bibi. Ana miaka minne."

"Jina lake linaanza na herufi gani?"

Akanitajia. Ilikuwa ni herufi ya jina lake yeye mwenyewe.

"Suruali mnavaa moja?"

Mkurugenzi aliinama kutafuta kitu kwenye droo, na hakukipata kwa muda mrefu.

Sikutaka kubishana. Nikawaambia twende stoo. Makabati yangu yapo, hayajatupwa, na kadi ya kwanza ya kila mgonjwa iliendelea kuwekwa humo miaka mingi hata baada ya kompyuta; siku hizi yako nyuma ya magunia ya plasta. Walinzi wakasogeza magunia, vumbi likatuvaa wote, na tai nyekundu ikawa nyeupe. Kabati la kushoto, herufi kubwa. Kabati la kulia, herufi ndogo, na chini ya kila moja kiatu cha kijani. Rangi imebanduka pembeni lakini viatu vinaonekana. Mkurugenzi alipitisha kidole kwenye kile kiatu cha m. Bwana Tai akavuta droo ya watoto, ikalia, akatoa kadi ya zamani ya m/0417. Akavuta ya wakubwa, akatoa M/0417. Alisimama kazishika, moja kila mkono, kama mtu anayepima uzito. Kadi ya mtoto, ya kwanza kabisa, ilikuwa na alama ya unyayo wa mguu uliobaki, unyayo wa miaka mitatu, mdogo kama jani.

Halafu akalegeza tai, akasema, "Nimewafuta watoto." Hakutafuta maneno mengine. Nilimpenda hapo.

Mkurugenzi alirudi ofisini, akaichana ile barua mara mbili mbele yetu, gari likaambiwa liondoke tupu.

Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu, na ndicho kilichonifanya nikubali kuandika. Ufunguo ulitoka kifuani kwa mwanangu, chumba kikafunguliwa, akakaa. Mimi nimemwona mtoto huyu akijifunza kutambaa. Nimemwona akipika, akinyonyesha, akizika. Sikuwahi kumwona akiamuru. Bwana Tai, mtu mwenye shahada mbili, alivuta kiti akakaa nyuma yake kidogo, na daftari. Kwanza mwanangu alitengeneza nakala ya kila kitu pembeni, ya asili isiguswe. Kisha akaandika amri ya mistari minne. Mistari minne tu. Akanionyesha kwa kidole: huu unapita kila chumba, huu unauliza kama herufi ni ndogo, huu unakipa chumba jina jipya, watoto kwa watoto na wakubwa kwa wakubwa, majina ambayo hata mashine isiyojua ukubwa wala udogo haiwezi kuyachanganya. Akabonyeza. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo cheusi, watoto elfu nne wakihama nyumba, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa brashi yangu, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Sikuweza kuyasoma yote, yalikuwa yanakimbia na mimi natembea. Lakini m nilikuwa naiona kila inapopita.

Yalipokwisha kunakiliwa kwenye mashine mpya, wakahesabu mara tatu. Wakubwa wote wamo. Watoto elfu nne, mia moja na sita wamo. Fundi Plasta akafungua 0417 ya watoto, na picha ikawa ya binti, hana masharubu.

Bwana Tai aliandika kwenye taarifa yake kwamba kosa lilikuwa lake, na akamwomba Dada Shifti amwandikie alichojua. Imekuwa ukurasa mmoja, umebandikwa ukutani masjala. Mstari wa kwanza unasema hivi: kabla hujahamisha faili kwenda mashine ngeni, tengeneza vyumba viwili vitupu, kimoja t ndogo na kimoja T kubwa, na mashine ikikataa cha pili, simama hapo hapo uite mtu. Nasikia ukurasa huo umeshaombwa na vituo vingine sita. Mwanangu hajaniambia, nimeambiwa na dereva. Yeye hasemi mambo kama hayo. Ndiyo maana nayasema mimi.

Aliulizwa anataka zawadi gani ya kustaafu. Aliomba ile kibodi ya zamani. Kitufe cha Shift cha kushoto kimelika, hakina maandishi tena, kina shimo kidogo la saizi ya kidole chake. Kidole hicho hicho nilikuwa namkata kucha kwa meno alipokuwa mchanga, nikiogopa mkasi.

Kwa niaba ya wote waliopita kwenye mlango wa m ndogo, na kwa niaba ya mafundi ambao hawakuwahi kukata mguu wa askari kwa ajili ya mtoto tangu yeye ashike masjala, tunamshukuru. Tunamshukuru mkwe wangu kwa kumvumilia, soksi na yote. Wewe mwanangu, nenda ukapumzike, ulale mpaka jua liingie chumbani, usiamke kwa ajili ya mlango wa mtu. Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu, na magoti yako yasikuangushe kama yangu.

Limebaki moja. Mashine ya zamani itazimwa siku ya kustaafu kwake, na vyumba vya M na m vitazimwa nayo. Kwenye mashine mpya hakuna haja ya kubana kitu, jina linatosha. Lakini siku hiyo hiyo, tarehe thelathini, binti wa m/0417 anatimiza miaka kumi na minane. Mkurugenzi ameruhusu izimwe jioni, isizimwe asubuhi. Atakaa kwenye kile kiti, na mguu wake wa kumi na nne, mpya, na mstaafu wetu ataandika amri yote, akifika penye ile herufi atamwambia abane. Ndiye wa mwisho, hakutakuwa na mwingine. Mwashi wa M/0417 ameahidi kuja na masharubu yake ili wajuane. Mimi nitakuwa nimevaa viatu vinavyofanana. Saa nane mchana, masjala, na watakaokosa nafasi wasimame koridoni, lakini njooni nyote, Ijumaa.